Majenerali Tunawajua. Mafundi wa Bunduki Je?

Ukipita Kimathi Street pale Nairobi, mwangalie vizuri yule mzee wa shaba. Mkono wa kulia ana bunduki ndefu, mkono wa kushoto ana kisu. Sanamu ilizinduliwa 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu Waingereza wamnyonge Dedan Kimathi kule Kamiti. Watu wanapigia picha hapo kila siku, na sina shida na hilo, hata mimi ninayo yangu.

Swali langu ni hili: unajua Kimathi alinyongwa kwa kosa gani?

Wengi watasema uasi, wengine mauaji. Zote si kweli. Alipokamatwa Nyeri, 21 Oktoba 1956, alikuwa na bastola na risasi sita. Hiyo bastola ndiyo iliyompeleka kwa kamba. Kesi ilisikizwa hapo hapo Nyeri mwezi wa Novemba, na shtaka lilikuwa kumiliki silaha na risasi kinyume cha sheria za hali ya hatari. Yaani kiongozi mkubwa wa vita vya msituni alinyongwa kwa sababu ya kitu kilichokaa mfukoni.

Lakini bastola ile ilitoka kiwandani. Kwa wapiganaji wengi wa kawaida, kuona kitu cha kiwandani ilikuwa bahati. Waliobaki walikuwa na panga, simi, au bunduki iliyotengenezwa na fundi kwa mikono yake. Na hapo ndipo nataka tukae leo. Majenerali tunawajua kwa majina: Kimathi, Mathenge, China, Kago, Mwariama. Shule zina majina yao, barabara pia. Yule fundi aliyechonga kitako na kubadilisha mpira uliochakaa, nani anamjua?

Maoni yangu ni kwamba vita vya msituni vilikuwa vita vya spea. Ukielewa spea zilitoka wapi na zilikatwa vipi, unaelewa kwa nini Mau Mau walisimama miaka ile yote, na kwa nini mwishowe walibanwa.

Kwanza, bunduki yenyewe

Zile bunduki bado zipo. Nyingine ziko kwenye makumbusho ya kijeshi London, zimewekwa kwa kioo kama vitu vya ajabu. Ukiangalia picha zake unaona bomba la maji limekuwa mtutu, komeo la mlango limekuwa sehemu ya kufyatulia, na mpira wa tyubu umefungwa pale springi ilipaswa kuwa. Chini ya hayo yote kuna kipande cha mti kilichochongwa kushika kila kitu pamoja.

Wakoloni walicheka. Waliita takataka. Lakini hebu fikiria: mtu yuko Nyandarua, baridi ya kugandisha meno, hana mashine ya kukereza wala umeme, na anatengeneza kitu ambacho serikali yenye ndege za kivita inakiogopa kiasi cha kukiwekea hukumu ya kifo. Hiyo si takataka, hiyo ni injinia.

Na kabla mtu hajaanza: hii si somo la kutengeneza. Leo ukitengeneza bunduki bila leseni unaenda jela, na bunduki za aina ile zilijeruhi hata wenye kuzishika. Mtutu ulipasuka, komeo likarudi nyuma usoni. Walizibeba kwa sababu hawakuwa na kingine.

Kitako: kwa Mwingereza kulikuwa na saizi, kwa mtu wa msitu kulikuwa na mti

Kitako ni ile sehemu ya nyuma unayoweka begani. Watu huona ni pambo tu. Hapana. Kitako kikiwa kirefu kuliko mkono wako, hufikii kifyatulio vizuri. Kikiwa kifupi, kidole gumba kinakugonga pua ukifyatua. Kikiwa na ufa pale shingoni, bunduki inakatika mkononi siku unayoihitaji.

Waingereza walijua hivyo vizuri sana. Bunduki yao ya kawaida wakati huo ilikuwa Lee-Enfield, inayotumia risasi ya .303. Mti wake ulikuwa vipande viwili, cha mbele na cha nyuma, na kitako kilishikwa na boliti moja ndefu kwa ndani. Kwa hiyo kikivunjika hutupi bunduki nzima, unafungua boliti na kuweka kingine. Na vitako vyenyewe vilikuja kwa saizi nne: kirefu, cha kawaida, kifupi, na kifupi kabisa cha watu wadogo wa mwili. Tofauti kati ya saizi na saizi ilikuwa kama nusu inchi tu. Nusu inchi, wasee! Jeshi zima lilijali nusu inchi ya bega la askari.

Halafu kulikuwa na ile fupi ya porini, nambari 5, iliyotoka 1944 kwa ajili ya vita vya misitu ya Asia, na baadaye ikatumika hapa kwetu. Hiyo ilikuwa nyepesi, kwa hiyo teke lake lilikuwa kali. Wakaiwekea mpira nyuma ya kitako ili upunguze teke. Shida ni kwamba huo mpira ulikuwa mwembamba, na askari wengi walilalamika kuwa badala ya kulinda bega ulilikusanyia uchungu mahali pamoja. Kwa hiyo hata kiwanda chenye wataalamu kinaweza kukosea kwenye kipande kidogo cha mpira. Shika hiyo hoja ya mpira, tutairudia.

Sasa mgeukie fundi wetu. Hana saizi nne. Ana msitu. Lakini kwa mtu aliyezaliwa huku kwetu, msitu si kitu kimoja. Uliza mzee yeyote wa Kangema au Othaya atakwambia mutarakwa unapasuka vizuri ukiugonga shoka. Ndiyo maana umekuwa mti wa nguzo za uwa kwa miaka mingi. Sifa hiyo hiyo inayoufanya uwe nguzo nzuri inaufanya uwe na mashaka kwa kitako, kwa sababu kitako hakitakiwi kupasuka kabisa. Mutamaiyu nao ni mgumu kama chuma na mzito hivyo hivyo, na mtu anayekimbia usiku kutoka Mathioya kupanda mlima anahesabu kila kilo. Mti mbichi nao ukikauka unajikunja, mtutu unalegea.

Kwa hiyo kuchagua mti kulikuwa uamuzi wa kweli: ugumu au wepesi, mbichi uliopo sasa au mkavu utakaopatikana kesho kama homugadi hawajafika. Fundi alifanya hesabu ile ile ya kiwanda cha Uingereza, tofauti ni kwamba yeye alikuwa anawindwa.

Ujuzi huu haukuanguka kutoka mbinguni

Kuna watu husimulia Mau Mau kama watu waliotoka shambani na panga bila kujua chochote. Hiyo stori ilitengenezwa na mkoloni, na sisi tukaimeza.

Wakikuyu walikuwa na wafua chuma, aturi, kabla ya mzungu kufika. Walikusanya mchanga mweusi wenye chuma kutoka mitoni, wakausafisha kwa maji, wakauyeyusha kwa moto wa makaa na mivukuto, wakafua simi na mikuki. Muturi aliheshimiwa na kuogopwa, laana yake haikuchezewa. Kenyatta mwenyewe aliandika juu ya kazi hiyo kwenye kitabu chake cha 1938.

Halafu ukoloni ukaleta ufundi mwingine bila kujua unajichimbia shimo. Vijana walifundishwa useremala na ufuaji kwenye chuo cha ufundi Kabete tangu miaka ya 1920. Wengine walifanya kazi kwenye gereji za Wahindi mjini, au kwenye reli. Wengine wakapelekwa vita ya pili ya dunia. Waruhiu Itote, ambaye baadaye aliitwa Jenerali China na kuongoza upande wa Mlima Kenya, alipigana Burma na jeshi la KAR. Mtu akishafungua na kusafisha bunduki ya .303 kila siku kwa miaka, huwezi kumwambia hajui ndani kuna nini.

Kwa hiyo 20 Oktoba 1952, Gavana Baring alipotangaza hali ya hatari, watu wa kurekebisha vitu walikuwa tayari wako Murang'a (wakati huo Fort Hall), Nyeri, Kirinyaga na Nairobi. Kilichokosekana ni vifaa.

Blada: kitu kidogo kilichobeba vita

Sasa turudi kwa mpira. Bunduki ya kiwandani ina springi ya chuma. Springi hiyo ndiyo husukuma pini igonge risasi kwa nguvu inayotosha. Bunduki ya msituni mara nyingi ilitumia blada, kile kipande cha tyubu unachojua kwa kufunga mzigo kwa kerria ya baiskeli.

Blada ina tabia zake. Ikiwa mpya inavuta vizuri. Ikinyeshewa, ikaanikwa juani, ikagandishwa na baridi ya usiku, inaanza kupasuka nyufa ndogo ndogo. Umeshaona blada ya zamani ikikatika ukiivuta kidogo tu? Sasa fikiria hiyo ndiyo imesimama kati yako na askari wa KAR. Ikilegea, pini inagonga risasi kama mtu anayebisha mlango kwa aibu. Hakuna mlio. Na adui ameshakuona.

Kwa hiyo blada ilibadilishwa tena na tena. Na blada haioti msituni. Mti unaweza kuupata Nyandarua, lakini tyubu inatoka mjini, kwa baiskeli na malori. Mabomba yalitoka mjini. Risasi zilitoka kwa askari waliouza kimagendo, au ziliibwa, au zilitekwa kwa nguvu kama pale kituo cha polisi cha Naivasha, 26 Machi 1953, ambapo wapiganaji waliingia na kuondoka na silaha nyingi za kiwandani.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu usiku ule ule wa Naivasha ndio usiku wa Lari, ambapo familia za watu waliohusishwa na serikali zilichomwa na kukatwakatwa, wanawake na watoto wakiwemo, na baadaye wengine wakauawa kwa kulipiza. Nikisifu ufundi sisemi kila kilichofanywa na silaha kilikuwa safi. Huku kwetu kuna familia ambazo babu mmoja alikuwa msituni na ndugu yake alikuwa homugadi, na mpaka leo harusi zikifika kuna meza hazikaribiani. Historia yetu ina damu pande zote na tusidanganyane.

Sasa, nani alibeba vitu kutoka mjini hadi msituni? Wanawake kwa sehemu kubwa. Walionekana wakienda shamba au soko, kiondo mgongoni, viazi juu. Chini ya viazi kuna chakula cha msituni, dawa, habari, na wakati mwingine risasi. Kuanzia 1953 sheria za hali ya hatari zilikuwa zimefanya kupatikana na silaha au risasi kuwa kosa la kunyongwa. Kwa hiyo kila safari ya soko ingeweza kuwa ya mwisho.

Hii si kuongeza chumvi. Waingereza walinyonga watu zaidi ya 1,000 katika vita hivyo, na wengi wao hawakuhukumiwa kwa mauaji. Walihukumiwa kwa vitu kama kumiliki silaha au risasi, kulisha wengine kiapo, au kupatikana pamoja na wapiganaji. Kimathi ni jina moja kwenye orodha hiyo ndefu.

Jinsi spea zilivyokatwa

Mkoloni hakuwa mjinga. Alielewa haraka kuwa msitu unalishwa kutoka nje, akaamua kufunga mfereji.

Kwanza Nairobi. 24 Aprili 1954 ikaanza Operesheni Anvil. Askari walizingira jiji, wakapekua mtaa kwa mtaa, wakachuja Wakikuyu, Waembu na Wameru. Watu zaidi ya 20,000 walipelekwa kizuizini. Tunaisoma kama stori ya kambi na mateso, na ni kweli. Lakini iangalie pia kwa jicho la fundi: gereji zimefagiwa, mtu wako wa kukuuzia bomba ameenda Manyani, na yule wa risasi yuko Mackinnon Road. Duka lako la spea limefungwa siku moja.

Kisha mashambani. Kuanzia katikati ya 1954, takriban watu milioni moja waling'olewa kwa nyumba zao na kusukumwa kwenye vijiji vya lazima, vyenye mitaro, miti iliyochongwa ncha, na homugadi kwenye mnara. Muda wa kwenda shamba ulipangwa, na mpaka wa msitu ukachimbwa mtaro mrefu. Ukiwa Murang'a leo, vijiji vingi vinavyoonekana vimebanana juu ya matuta vilianzia hapo. Yaani ramani ya ushago wako inaweza kuwa ramani ya kuzuia kiondo kisifike msituni.

Baada ya hapo blada ikikatika, imekatika. Risasi ikiisha, imeisha. Jenerali Kago, aliyewasumbua sana upande wa Murang'a, aliuawa 1954. China alikuwa ameshakamatwa Januari mwaka huo huo. Wapiganaji waliobaki walivaa ngozi, walikula asali na mitego yao, na wakarudi kwa panga. Unaposoma kwamba Kimathi alikamatwa akiwa amevaa ngozi ya chui, usione ni mtindo. Nguo za kiwandani nazo zilikuwa zimeisha.

Tunasema walishindwa na ndege na mabomu. Ndege zilitisha, sikatai. Lakini kilichowamaliza ni kukatwa kutoka kwa mathee mwenye kiondo na buda mwenye gereji.

Kwa nini nakusumbua na kitako na blada

Kwa sababu namna tunavyokumbuka inaamua nani anahesabika.

Desemba 1963 waliokuwa bado msituni walitoka, na uwanja wa Ruring'u pale Nyeri ukawa mahali pa kukabidhi silaha. Wakaweka chini vitu walivyobeba zaidi ya miaka kumi. Kisha wakarudi nyumbani wakakuta ardhi ina wenyewe. Mau Mau waliendelea kuwa chama kilichopigwa marufuku kwenye vitabu vya sheria mpaka 2003, miaka 40 ya uhuru! Na Uingereza ilikuja kukubali kulipa Juni 2013, pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Gawa mwenyewe uone kila mmoja alipata nini kwa mwili ulioteswa.

Orodha hiyo ilikuwa ya walioteswa na wakaweza kuthibitisha. Fundi aliyekufa na siri yake hayuko. Mathee aliyepeleka tyubu mara 20 bila kukamatwa hayuko, kwa sababu kutokamatwa ndiko kulikuwa kazi yake. Alifanya vizuri sana mpaka historia nayo ikakosa kumwona.

Na hapa inatugusa sisi. Nenda Mukuyu hapa Murang'a mjini uone vijana wanavyofufua nduthi kwa vipande vya vitu vingine. Hawana karatasi. Mimi mwenyewe chuo niliacha, kwa hiyo najua vile watu hukuangalia ukisema huna cheti. Tunaambiwa historia ilitengenezwa na wenye vyeo na elimu ni ile ya darasani. Ukweli ni kwamba vita vilivyomtikisa mkoloni nchi hii vilisimama juu ya watu waliojua mti upi unapasuka na mpira upi bado unavuta. Ujuzi huo haukuwa na cheti na ulitosha kukunyongesha.

Kuna sanamu moja napenda kuliko ile ya Kimathi Street. Iko Uhuru Park, ilizinduliwa Septemba 2015. Ni mpiganaji na mwanamke anayempa chakula, na wote wawili wameangalia kando. Hawatazamani usoni, ili mmoja akikamatwa asiweze kumtaja mwingine. Hiyo ndiyo picha kamili ya vita ile: mkono unatoa, mkono unapokea, na hakuna anayejua jina.

Kwa hiyo nikuombe kitu. Kama una shosho au guka aliyekuwa hai miaka ile, na hawajabaki wengi, usimuulize alimwona Kimathi. Kila mtu huulizwa hivyo. Muulize nani kijijini alikuwa fundi. Muulize kwa kiondo kulikuwa na nini chini ya viazi. Halafu nyamaza, umpe nafasi, kwa sababu miaka mingi jibu la swali hilo lilikuwa la kumnyongesha mtu. Akitaja jina, liandike.